Wasomaji Wanauliza: Kusoma Lugha ya Mvskoke na Utawala wa Taifa Lake

Katika toleo lililopita tuliahidi kumjibu kijana wa Area C, Dodoma, aliyetuuliza kuhusu chuo kimoja cha wenyeji wa asili wa Marekani. Baada ya ahadi hiyo zilitufikia barua mbili zaidi, moja ya mwalimu wa Kondoa na nyingine ya mzazi wa Nkuhungu, kila moja ikiligusa jambo hilohilo kwa upande wake. Tumeona ni vyema kuzijibu zote tatu kwa pamoja, na maswali ya mirathi na mikopo ya nyumba yatasubiri zamu yake.

Swali la kwanza

Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22, nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL, na kwa sasa namsaidia mjomba katika duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Area C. Bibi yangu mzaa mama anaishi Kwa Mtoro, wilayani Chemba, na lugha yake ni Kisandawe, ambacho mimi nakisikia kwa shida na siwezi kukiandika. Nimesoma kwamba huko Oklahoma, Marekani, kuna chuo kilichoanzishwa na wenyeji wenyewe, ambamo wanafunzi husoma lugha ya Mvskoke pamoja na masuala ya utawala wa taifa lao. Wanasoma nini hasa? Je, mtu wa nje anaweza kujiunga? Na nikirudi Dodoma, elimu hiyo itanifaa nini?

Jibu

Marahaba. Tuanze na chuo chenyewe, kwa sababu wapo wanaosikia habari za chuo cha wenyeji wakadhani ni darasa la ngoma na kutunga shanga. College of the Muscogee Nation kiko katika mji wa Okmulgee, kusini mwa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Kilianzishwa na serikali ya taifa la Muscogee, ambalo lugha yake ndiyo Mvskoke, mwaka 2004, na mwaka 2016 kikapata ithibati ya Higher Learning Commission, ambacho ni chombo kilekile kinachokagua vyuo vikuu vikubwa vya sehemu hiyo ya Marekani. Masomo yake makuu ni ya miaka miwili na humfikisha mwanafunzi katika ngazi inayokaribiana na stashahada yetu. Pamoja na cheti cha lugha ya Mvskoke na masomo kuhusu wenyeji wa asili wa Marekani, chuo hufundisha huduma za jamii katika serikali za wenyeji, sayansi ya polisi, na hata uendeshaji wa kasino. Hilo la mwisho lisikushangaze, kwa kuwa kasino ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya serikali hiyo, na serikali inahitaji watu wake wenyewe wa kuzisimamia.

Vyuo vya namna hii vipo zaidi ya 30 nchini humo. Cha kwanza kilianzishwa na Wanavajo huko Arizona mwaka 1968 na leo kinaitwa Diné College, kisha mwaka 1978 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuvipa ruzuku. Ukivitafuta kwenye intaneti utaona vinafupishwa TCU, herufi zilezile za Tume yetu ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo angalia vizuri ukurasa unaousoma usije ukafuata utaratibu usio wako.

Sasa hayo masuala ya utawala. Taifa la Muscogee, ambalo Wazungu waliliita Creek, lina raia zaidi ya 100,000, lina katiba, lina Chifu Mkuu anayechaguliwa kwa kura kila baada ya miaka minne, lina Baraza la Taifa linalotunga sheria, na lina mahakama zake. Asili ya watu hawa ni maeneo ambayo leo ni Georgia na Alabama, ambako waliishi katika miji iliyojitawala na kuunganishwa na mapatano. Sheria ya kuwahamisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1830, na katika miaka iliyofuata waliswagwa kwa nguvu hadi magharibi ya mto Mississippi, maelfu wakifia njiani au katika miaka ya mwanzo ya makazi mapya, huku mikataba ikiwaahidi kwamba ardhi ya huko itakuwa yao. Wakajenga upya. Wakaandika katiba mwaka 1867, na mwaka 1878 wakajenga kwa mawe jumba la Baraza katikati ya Okmulgee, ambalo bado limesimama. Kisha sheria ya mwaka 1898 ikazifuta mahakama zao na kuharakisha kugawanywa kwa ardhi ya pamoja kuwa viwanja vya mtu mmojammoja, na mwaka 1907 Oklahoma ikatangazwa kuwa jimbo juu ya ardhi hiyohiyo.

Kwa miongo kadhaa baada ya hapo Chifu Mkuu aliteuliwa na serikali ya Marekani, wala hakuchaguliwa na watu wake. Uchaguzi ulirudi mwaka 1971. Mwaka 1976 mahakama moja ya Marekani, katika shauri la Harjo dhidi ya Kleppe, ilisema kwamba maofisa wa serikali kuu walikosea walipomtambua Chifu peke yake na kulipuuza Baraza, na kutokana na shauri hilo ikapatikana katiba ya sasa ya mwaka 1979. Mwanafunzi wa masuala ya taifa hilo huisoma historia hii kama sheria inayofanya kazi leo, na hapo ndipo somo linapokuwa zito. Ushahidi wake ni hukumu ya tarehe 9 Julai 2020. Mtu mmoja aitwaye Jimcy McGirt, aliyefungwa na mahakama ya jimbo kwa makosa mazito ya jinai, alidai kwamba jimbo halikuwa na mamlaka ya kumshtaki, kwa kuwa yeye ni mwenyeji na kosa lilitendeka ndani ya ardhi ya Muscogee ambayo Bunge la Marekani halijawahi kuifuta kisheria. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikakubaliana naye. Ardhi inayohusika ni ekari takriban milioni 3, na sehemu kubwa ya jiji la Tulsa imo ndani yake.

Tafakari maana yake kwa ofisi ndogo. Kesi ambazo jana zilikuwa za jimbo zikawa za serikali ya Marekani au za taifa lenyewe, na ghafla wakahitajika askari, waendesha mashtaka, makarani wa mahakama na maofisa ustawi wa jamii wengi kuliko waliokuwapo. Ndiyo sababu somo la polisi limekaa jirani na somo la lugha katika chuo kimoja. Maoni yangu ni kwamba huwezi kuelewa chuo hicho ukikitazama kama shule ya lugha iliyoongezewa siasa. Ni chuo cha watumishi wa serikali ya taifa ambalo lugha yake ni mojawapo ya mambo linayoyasimamia.

Kuhusu lugha yenyewe nitakaa kidogo, kwa kuwa wewe mwenye bibi Msandawe utaifurahia kuliko wengi. Mvskoke imo katika familia ya lugha za kusini-mashariki mwa Marekani ambamo wamo pia Wachoctaw na Wachickasaw, na Waseminole nao huizungumza. Alfabeti yake, iliyowekwa sawa mwaka 1853 na wamisionari pamoja na wenyeji, ni ya herufi za Kilatini, lakini baadhi ya herufi zina kazi usizozitarajia. Herufi v ni irabu, a fupi, na e ya kawaida hutamkwa kama i fupi, hivyo jina Mvskoke husomwa karibu na Maskoki. Herufi c ni ch, kwa hiyo vce, yaani mahindi, husomwa achi. Asante ni mvto. Herufi inayowatesa wageni ni r, ambayo haina uhusiano wowote na r yetu: ncha ya ulimi hukaa pale inapokaa kwa l, halafu pumzi husukumwa ipite ubavuni mwa ulimi bila koo kutetemeka. Mmarekani wa kawaida huchukua muda mrefu kuipata. Kisandawe kinayo sauti hiyo, Kialagwa na Kiburunge vinayo, na Wairaqw huiandika kwa sl, kama katika jina Slaa likitamkwa na mwenye lugha yake. Kwa herufi hiyo utakuwa umewatangulia wenzako darasani siku ya kwanza.

Sarufi yake nayo ina mengi. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na nomino hubeba alama ya kazi yake: mbwa ni efv, lakini akiwa mtenda huwa efvt, na akiwa mtendwa huwa efvn. Umilikaji una njia mbili. Jamaa na viungo vya mwili humilikiwa kwa kiambishi kilichoshikamana na jina, ndiyo maana mama yangu ni cvcke, mama yako ni cecke na mama yake ni ecke, jambo ambalo msemaji wa mamangu, mamako na mamake hatahitaji kuelezwa mara mbili. Mbwa wangu ni vmefv, kwa kiambishi kingine, kwa sababu mbwa unaweza kumuuza.

Tuje kwenye kujiunga. Vyuo vya wenyeji kwa ujumla havikatazi watu wasio wenyeji, ingawa sheria ya ruzuku inataka wengi wa wanafunzi wawe wenyeji, na fedha za serikali huhesabiwa kwa vichwa vya wanafunzi wenyeji peke yao. Maana yake ni kwamba wewe hutaletewa ruzuku na mtu, na ada pamoja na malazi vitatoka mfukoni mwako au kwa mfadhili. Zaidi ya hapo, chuo chochote cha Marekani lazima kiwe na kibali cha serikali yao cha kupokea wanafunzi wa kigeni kabla ya kukupa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo ubalozi hauwezi hata kuanza kushughulikia viza ya mwanafunzi. Vyuo vidogo vingi havina kibali hicho. Basi swali lako la kwanza kwa chuo liwe hilo, na la pili liwe kwa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, kwa kuwa masharti ya viza hubadilika na kwa Watanzania yamekuwa magumu zaidi hivi karibuni.

Umeuliza pia itakufaa nini ukirudi. Nitasema wazi: kwa lengo lako, kuanzia Okmulgee ni kuanzia mbali. Wewe unataka kukiandika Kisandawe. Miaka miwili ya kusoma Mvskoke itakupa mfano mzuri wa watu wanaoihudumia lugha yao, lakini haitakupa mbinu za kuchambua vidoko vya bibi yako, yaani zile sauti za kugongesha ulimi, wala sauti za toni zake, na stashahada ya nje itabidi ipelekwe NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini, kutathminiwa kabla haijatambuliwa kazini. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko mlimani hapo, kutoka Area C ni nauli ya daladala tu. Omba shahada yenye isimu, yaani sayansi ya lugha, ndani yake, na tasnifu yako ukaifanyie Kwa Mtoro. Wakati huohuo Mvskoke unaweza kuianza ukiwa dukani kwa mjomba, kwa kuwa kamusi yake kubwa ya Jack Martin na Margaret McKane Mauldin ilichapishwa mwaka 2000, na sarufi kamili ya Martin ikafuata mwaka 2011. Ukishakuwa na shahada, na hamu ikiwa bado ipo, nenda Oklahoma kama mtafiti mwenye jambo la kulinganisha. Watakupokea kwa namna nyingine kabisa.

Swali la pili

Ndugu Mhariri, nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kondoa. Karibu na Kolo wapo wazee Waalagwa, lakini watoto wao wamehamia katika Kirangi na Kiswahili. Hao Wamuscogee wanawezaje kufundisha darasani lugha ambayo mtoto haisikii nyumbani? Kuna ninachoweza kuiga pasipo kuvunja utaratibu wa shule?

Jibu

Mwalimu, swali lako linagusa pale penye ugumu wenyewe, na Wamuscogee hawajalimaliza tatizo hilo. Wasemaji wa kuzaliwa nayo waliobaki ni wazee kwa sehemu kubwa. Vizazi vilivyotangulia vilipelekwa katika shule za bweni ambako kusema lugha ya nyumbani kulikuwa kosa la kuadhibiwa, na waliotoka huko wengi waliamua wasiwarithishe watoto wao mzigo huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo pale Okmulgee mara nyingi anajifunza lugha ya babu yake kama mgeni, akiwa na daftari, kama ambavyo mwanafunzi wako angejifunza Kifaransa.

Kitu kimoja walichokuwa nacho ni maandishi ya muda mrefu. Tangu karne ya 19 lugha hiyo imeandikiwa sheria, barua na tenzi za kanisa, na kamusi ya Loughridge na Hodge ilitoka mwaka 1890. Hadi leo yapo makanisa ya Kibaptisti na ya Kimethodisti ambamo tenzi za Mvskoke huimbwa bila ala, na hata asiyeweza kuongea huwa anaweza kuimba. Anayejua jinsi kwaya za Kigogo zilivyoibeba lugha hapa Dodoma ataelewa faida yake. Kialagwa hakina akiba ya namna hiyo, na mimi ningesema kazi ya kwanza ni kuijenga akiba kabla ya kufikiria darasa.

Kitu cha pili ni walimu. Mzee anayeijua lugha barabara huwa hana cheti, na mwenye cheti huwa hajui lugha. Huko Oklahoma lugha za wenyeji huweza kuhesabiwa katika shule za sekondari kama somo la lugha nyingine, kwa hiyo mataifa ya wenyeji yamelazimika kuwaandaa wanaoweza kufundisha, na vyuo vyao vinasaidia hapo. Waseminole wa Oklahoma walikwenda mbali zaidi wakaanzisha shule ya watoto wadogo, Pumvhakv, ambamo siku nzima huendeshwa kwa Mvskoke. Njia nyingine, iliyoanzia California katika miaka ya 1990 na kuenea kwa mataifa mengi, ni kumwoanisha mzee mmoja na kijana mmoja, wakakaa pamoja saa nyingi kila wiki wakipika, wakilima na wakitengeneza vitu, kwa sharti kwamba Kiingereza hakisemwi. Hakuna ubao wala mtihani. Hii ndiyo unayoweza kuiiga kesho asubuhi, maana haihitaji ratiba ya shule wala ruhusa ya wizara.

Utaratibu wetu unaujua kuliko mimi: lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili, na lugha za makabila hazina kipindi. Usijaribu kuzipenyeza katika muda wa somo, utajitafutia maneno na mkaguzi. Tafuta nafasi katika klabu za jioni au likizo. Chukua wanafunzi wachache wenye babu na bibi Waalagwa, wape kazi ya kurekodi kwa simu mambo yanayoweza kuelezwa hatua kwa hatua, kwa mfano namna ya kuezeka, kutengeneza mzinga wa nyuki, au kumganga ng'ombe aliyevunjika mguu. Masimulizi ya kazi hutoa vitenzi vingi kuliko orodha ya majina ya wanyama, na vitenzi ndivyo vinavyopotea kwanza. Kwa kila rekodi andika jina la kijiji, tarehe na nani amekubali isikilizwe na nani. Kuhusu tahajia, usibuni yako peke yako usiku mmoja. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, na wanaisimu wa hapa Dodoma wataweza kukuelekeza kwa waliokwisha kuziandika lugha jirani.

Jambo moja la adabu, ambalo Wamuscogee wanalishikilia sana. Sherehe yao ya kila mwaka ya mahindi mabichi, posketv, ndiyo kiini cha mwaka wao wa kimila katika viwanja vya miji yao ya asili, na katika mambo kama hayo yapo yasiyorekodiwa wala kufundishwa darasani, hata kama yamesemwa kwa lugha ileile inayotolewa cheti. Wazee wa Kolo nao watakuwa na yao, hasa wale ambao jamii bado inawaheshimu kwa habari za mvua. Waulize kabla ya kuwasha simu.

Swali la tatu

Mhariri, mimi ni mzazi hapa Nkuhungu. Binti yangu ameiona barua ya yule kijana akasema naye anataka kwenda katika chuo hicho. Mimi nimelelewa katika siasa ya kuondoa ukabila, na sielewi tunawapelekaje watoto kusomea utawala wa kabila. Pia kuna wakala anayetaka laki nane ili amtafutie nafasi. Nimpe?

Jibu

Mzazi mwenzangu, nimeyaelewa mashaka yako, na sitayapuuza. Nchi yetu iliufuta utawala wa machifu kwa sheria mwaka 1963, na kilichofuata, yaani serikali ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri, hakiulizi mtu ni Mgogo au Mrangi. Mambo ya Muscogee yametoka katika shina lingine. Wao walikuwa taifa lililosaini mikataba na Marekani kabla ya Oklahoma kuwapo, na madai yao leo ni ya mtu aliyeshika mkataba mkononi, hayafanani na madai ya kundi linalotaka kupendelewa na serikali iliyopo. Wala hayawaondoi katika Umarekani. Joy Harjo, raia wa taifa hilo, alikuwa Mshairi wa Taifa wa Marekani kuanzia mwaka 2019 hadi 2022, na hakuna aliyeona mgongano wowote.

Hata hivyo usidhani kwamba hatari unayoiogopa haipo huko. Ipo, na ndiyo sehemu ya masomo yao ninayoiona bora kuliko zote. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani baadhi ya Wamuscogee walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika, na mkataba wa mwaka 1866 ukawapa watumwa walioachwa huru na vizazi vyao haki za uraia wa taifa hilo. Maofisa wa Marekani walipoandikisha raia wakati wa kugawa ardhi, waliwaweka hawa katika daftari lao la pekee, mbali na wale walioitwa wa damu, na katiba ya mwaka 1979 ikautegemeza uraia kwenye daftari la damu tu. Wajukuu wa Waafrika hao wakajikuta nje ya nyumba ambayo wazee wao walizikwa humo. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya taifa la Muscogee yenyewe iliamua kwamba mkataba wa 1866 bado unatawala na kwamba wana haki ya uraia. Mwanafunzi anayelisoma shauri hilo darasani anajifunza kwa undani swali la nani ni wetu na nani si wetu, na anajifunza kutoka kwa watu ambao wamelijibu vibaya na kisha wakalirudia upya mbele ya majaji wao. Sijui somo la uraia linaloweza kuwa zuri kuliko hilo kwa Mtanzania aliyelelewa kama wewe na mimi.

Katika safu hiyohiyo ya mambo lipo la gazeti. Chombo cha habari cha taifa hilo kilipewa uhuru kwa sheria mwaka 2015, Baraza likauondoa mwaka 2018, na mwaka 2021 raia wakapiga kura ya kuuandika katika katiba ili Baraza lisiweze kuugusa tena.

Kama anachokipenda binti yako ni utawala wenyewe, yaani namna jamii ndogo inavyoendesha ardhi, mapato na migogoro yake, basi Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, na atatoka na stashahada inayotambuliwa na halmashauri yoyote bila tathmini ya ziada. Na kama anataka kuona sheria zetu zinavyoweza kulinda ardhi ya jamii moja yenye lugha yake, asome habari za Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambao mwaka 2011 walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hapo atakutana na kitu kilicho karibu zaidi na swali la Okmulgee kuliko chochote kingine ninachokifahamu hapa nchini, na ataweza kufika huko kwa basi.

Kuhusu wakala, usimpe hata senti. Maombi ya vyuo vya Marekani huenda moja kwa moja katika ofisi ya udahili ya chuo, na mwombaji mwenyewe ndiye anayejaza fomu na kupokea majibu kwa barua pepe yake. Mwambie binti aandike leo kwa Kiingereza chake mwenyewe, aulize mambo mawili tu, kama chuo kina kibali cha kutoa I-20 na kama kuna gharama yoyote ya maombi. Majibu yakija, mtakuwa mmejua bure alichotaka kuwauzia kwa laki nane. Kama ameshachukua nakala za vyeti vyake au pasipoti, zidaini zirudi wiki hii, na akikataa toeni taarifa polisi mkiwa na ujumbe wake wa simu kama ushahidi.